Hamali wa Kibokoni

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Mwenyekiti amenitambulisha kwenu, wafugaji samaki, kama mtaalamu wa pweza. Amenikweza. Mimi ni fundi wa friji. Nusu yenu mliomo humu nimewahi kuzitia gesi friji zenu, na wengine bado nawadai, ila hilo si la leo. Pweza nimefuga mmoja tu maishani, tena kwa muda usiotimia miezi saba, ndani ya tangi la kioo, chumba cha juu, nyumba ya mamangu Kibokoni. Nilipoombwa nije kuwaeleza namna ya kufuga pweza nilijibu kwamba nitakuja, lakini nitawaeleza kwanza kilichonipata, halafu kila mmoja aamue mwenyewe kama anamtaka.

Sisi watu wa Mombasa tunadhani pweza tunamjua. Tunamjua wa supu, jioni kando ya barabara, kikombe kinatoka moshi, ndimu na pilipili juu yake, na mwuzaji anakukonyeza kwamba leo ukifika nyumbani utapongezwa. Tunamjua wa nazi. Tunamjua anavyopigwapigwa juu ya jiwe mpaka alainike. Lakini pweza aliye hai, amekaa mlangoni mwa pango lake anakutazama wewe kama wewe unavyomtazama yeye, huyo wengi wetu hatujakutana naye.

Wangu aliletwa na bamvua ya Disemba. Ami yangu huvua mwambani upande wa Likoni, na siku hiyo maji yalikupwa mpaka mbali. Akarudi na ndoo ya kome. Ndani ya kombe moja tupu mlikuwa na kitu kama ute wa yai, kina macho. Mwili wake ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ami akaniambia, "Ama sufuria, ama bahari. Chagua." Nami, kwa ujuaji wangu, nikachagua la tatu.

Hapo nilikwisha kukosea mara mbili kabla hata sijafika kivukoni. Kosa la kwanza, sikumwuliza mtu. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ile ya upande wa Nyali na Bamburi, ipo tangu 1986, na katika eneo lake la mbuga hairuhusiwi kuvua kabisa. Nje ya hapo kuna ofisi ya uvuvi, na kila bandari ya wavuvi ina BMU yake, yaani kikundi cha kusimamia ufuo. Nendeni mkaulize kabla ya kuchukua mnyama, si baada. Mimi nilikwenda baada, na nilizungumziwa kama mtoto wa shule, nikastahili.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: sikujua nimebeba nani. Pweza mdogo ni wa namna mbili. Yuko aliye mdogo kwa sababu jamaa zake wote ni wadogo, na yuko aliye mdogo kwa sababu bado ni mtoto. Pweza tunayemla hapa pwani kwa wingi, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, huanza maisha akiwa mdogo kuliko punje ya mchele na kabla hajafa, hata mwaka na nusu haujatimia, tayari ni wa kilo kadhaa. Anakua kwa kasi ya ajabu. Kule Madagaska, kijiji cha Andavadoaka, mwaka 2004 wavuvi walikubaliana kuufunga mwamba kwa miezi michache tu wasivue pweza, na walipoufungua waliwakuta wakubwa. Miezi michache! Sasa mtieni huyo katika tangi la sebuleni. Ukimleta kama kidole, baada ya muda mfupi una mnyama mwenye minyiri mirefu kuliko tangi lenyewe, na huna pa kumweka.

Wangu hakukua hivyo. Alifika ukubwa wa ndimu, na minyiri urefu wa kiganja changu, basi akakomea hapo. Ilikuwa bahati. Sikuwa nimejua lolote.

Neno moja la hatari nilipitishe haraka. Wapo pweza wadogo wenye viduara vya buluu vinavyong'aa wakikasirika. Wanaishi bahari za Australia na Asia ya mashariki, na biashara ya wanyama wa matangi imewahi kuwasafirisha mbali na kwao. Sumu yao ndiyo ile ile ya bunju. Haina dawa ya kuizimua. Mtu hulegea viungo mpaka pumzi ikakatika, na kinachoweza kumwokoa ni kupumuliwa na mashine hadi sumu iishe mwilini. Anayeuziwa mnyama huyo, hata kwa bei ya kutupa, akimbie. Na pweza yeyote yule, hata asiye na viduara, ana mdomo mgumu kama wa kasuku na mate yenye sumu. Msiwape watoto wamchezee mkononi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo fundi friji nilipotaka kujifanya bingwa.

Tangi langu lilikuwa la lita 200, na lilikwisha kukaa mwaka mzima na samaki wa hapa hapa. Hilo liliniokoa. Ninyi mnafuga, mnajua: uchafu wa mnyama huwa amonia, bakteria wakaigeuza nitriti, kisha nitreti. Samaki mgumu atavumilia amonia kidogo. Pweza havumilii. Anakula nyama tupu, anachafua maji kushinda samaki watatu wa ukubwa wake, na yeye ndiye wa kwanza kufa kwa uchafu wake mwenyewe. Tangi jipya lisubiri miezi mitatu kabla ya kumtia, na vipimo vya amonia na nitriti visome sufuri. Chumvi nilikuwa naipima kwa hidromita, ikae 1.025 hivi. Kila wiki nilibadilisha sehemu moja ya tano ya maji. Sikuteka bandari ya kale, maana pale majahazi na mashua humwaga mafuta. Nilikuwa nakodi tuktuk alfajiri na madumu yangu hadi Mama Ngina, maji yakiwa yamejaa, nateka upande wa bahari kuu. Dereva alikuwa akidhani mimi ni mganga.

Ikaja Februari. Mnakijua chumba cha juu chini ya mabati wakati wa kaskazi. Nikapima maji, digrii 31. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na pweza anahitaji nyingi. Nikamwona amebandika mwili karibu na pampu, anapumua mbio. Nikajisemea, ewe fundi, kupoza si ndiyo kazi yako? Nikachukua kompresa ya friji kuukuu, nikakunja koili safi ya bomba la shaba, zamu baada ya zamu, ipite ndani ya tangi. Ilikuwa kazi nzuri. Mpaka leo naikumbuka uzuri wake.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa kwa mteja wangu mmoja, mama anayefanya kazi maabara, natengeneza friji yake. Koili ilikuwa garini. Akauliza ya nini, nikamweleza kwa majivuno. Akanitazama. Akasema, "Fundi, hiyo si shaba? Basi mpike tu. Atateseka kidogo zaidi."

Akanikalisha chini akanifunza. Damu yetu sisi ni nyekundu kwa sababu oksijeni hubebwa na chuma. Damu ya pweza ni ya kibuluu, kwa sababu kwake yeye mbebaji ni shaba, ndani ya kitu kinachoitwa hemosianini. Mioyo anayo mitatu: miwili inasukuma damu kwenye matamvua, mmoja mwilini. Nikasema, basi shaba si ndiyo chakula chake? Akacheka. Shaba iliyofungwa ndani ya damu ni uhai wake, shaba iliyoyeyuka majini inamuua, na haihitaji nyingi. Pweza, kamba, kaa, matumbawe, wote hao shaba ni sumu kwao.

Mnaelewa kwa nini nasimama hapa kwa muda? Kwa sababu ninyi wafugaji samaki shaba mnayo makabatini. Dawa nyingi za madoadoa meupe ya samaki zina shaba. Umetibu samaki wako mwaka jana, wamepona, umesahau. Shaba imejificha katika mawe na katika gundi ya kioo, na inaweza kurudi majini kidogo kidogo. Kwa hiyo tangi la mtumba msinunue kwa ajili ya mnyama huyu bila kujua lilitibiwa nini. Na bomba la shaba, valvu ya shaba, hata skrubu ya shaba, isikae popote maji yanapopita.

Koili yangu niliirudisha stoo. Joto nililitibu kwa feni ya mezani, ikipuliza juu ya maji usiku na mchana. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto. Nilipata nafuu ya digrii mbili, tatu hivi. Lakini chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo kila asubuhi nilijazia maji matamu yaliyotolewa klorini, la sivyo tangi lingekuwa shamba la chumvi. Na stima ikipotea? Nilikuwa na betri ya gari na pampu ndogo ya hewa. Mtu asiye na kitu kama hicho, hapa Mombasa, asianze.

Jina alipewa na wapwa zangu. Walimwona anabeba mawe. Kila mchana alitoka, akakumbatia kijiwe, akarudi nacho mlangoni mwa pango lake, akakipanga, akaenda kuchukua kingine. Usiku akifunga mlango kwa mawe hayo. Wakamwita Hamali, na kweli alitembea kama hamali wa marikiti, mgongo juu, mzigo kifuani.

Kula, alikula kaa wadogo, nao wawe hai. Kila jioni ya pili tulikwenda ufukweni tukamshikia mmoja. Kamba alimla akikosa kaa. Kipande cha samaki aliyekufa mwanzo alikirusha nje ya pango, kama mtu aliyeletewa kiporo. Magamba yaliyobaki aliyatupa mlangoni, na sisi tukayatoa upesi kabla hayajaoza. Kingine chochote usimwekee. Samaki watamsumbua yeye, au yeye atawala. Na pweza wawili tangi moja ni mmoja tu baada ya muda, maana hulana.

Sasa mfuniko. Nilidhani ninao. Lilikuwa bao zito, na pembeni nimeacha nafasi ya waya wa pampu, upana wa kidole kidogo. Ilikuwa Ramadhani. Mamangu huamka daku kabla yetu sote. Nikasikia ananiita kutoka ngazini, sauti haina haraka hata kidogo: "Mwanangu, njoo. Mgeni wako anakwenda msikitini."

Nikamkuta ngazi ya tatu kutoka juu, amekuwa rangi ya saruji. Mamangu alikuwa amemmwagia kikombe cha maji ya bahari kutoka dumu langu, Mungu amlipe. Pweza nje ya maji ana dakika chache tu. Mwili wake hauna mfupa. Kigumu pekee ni ule mdomo na gegedu dogo la kichwani, na tundu linalopitisha mdomo linampitisha yeye mzima. Mwaka 2016 dunia ilicheka habari ya Inky, pweza wa akwariamu ya Napier kule New Zealand, aliyetoka tangini usiku, akavuka sakafu, akaingia bomba la maji machafu la urefu wa mita 50 na kutokea baharini. Mimi sikucheka. Chini ya ngazi zangu hakuna bahari, kuna duka la vipuri.

Baada ya hapo nilifunga mfuniko kwa bawaba na komeo, waya ukapita katika tundu lililozibwa kwa sponji, na ukingo wa juu wa kioo nikauzungushia zulia la majani bandia. Hili la zulia ni zuri sana, likumbukeni: vile vikombe vya minyirini hushika kitu laini, penye majani havina pa kushika, naye hapapendi. Mdomo wa pampu pia niliufunika kwa sponji, usije ukamvuta mnyiri.

Nimefika mahali ambapo nisingependa kupaharakisha.

Pweza ana seli za neva zipatazo milioni 500, na theluthi mbili hivi hazimo kichwani, zimo minyirini. Kila mnyiri unagusa na kuonja kwa wakati mmoja, na unafanya mambo yake bila kusubiri amri ya kichwa kila mara. Ukimtazama anaingia ndani ya chupa, unaona mnyiri mmoja umetangulia, unapapasa, unarudi, kama mtumwa wa zamani aliyetumwa kuangalia nyumba kabla ya bwana kuingia. Tena haoni rangi kama sisi, jicho lake lina aina moja tu ya kipokea mwanga, na bado hugeuka rangi ya jiwe alilolikalia. Usiku akilala rangi zilimpita mwilini, nyeupe, kahawia, madoadoa, zikazima. Wapwa zangu walisema anaota. Sikuwabishia.

Nilimtilia kaa ndani ya chupa ya jemu, kifuniko kimelegezwa. Siku ya kwanza alihangaika saa nzima. Siku ya nne dakika tatu. Ya sita hakuigusa. Alikuja akasimama mbele ya kioo akanitazama, kisha akanipulizia maji kuelekea usoni, yakagonga kioo. Alikwisha kuuchoka mchezo. Huko Seattle, Marekani, watafiti Jennifer Mather na Roland Anderson waliwatilia pweza wanane chupa tupu za dawa zinazoelea, na wawili kati yao wakawa wanaipuliza chupa iende na mkondo irudi, iende irudi, bila faida yoyote. Wakaandika mwaka 1999 kwamba huo ni mchezo. Mimi nilipomwona wangu nikauliza upande wa pili wa habari hiyo: anayeweza kucheza si anaweza kuchoka? Na anayechoka, umemfungia wapi? Ndani ya lita 200. Mawe nilimbadilishia, machupa nilimbadilishia, vipande vya mabomba ya plastiki nilimtilia. Lakini nikiwa kazini, saa kumi kwa siku, alikuwa na kuta nne.

Mwezi wa Mei Hamali alifunga mlango kwa mawe yote aliyokuwa nayo, asifungue. Kaa wakapita mbele yake, hakuwataka. Nikamulika kwa tochi. Darini mwa pango mlining'inia mayai, vishada vishada, madogo kama punje za mchele. Hamali ni mke! Kumbe dume hutambulikana kwa mnyiri wa tatu wa kulia, ncha yake ni tofauti, nami miezi mitano sikuwahi kuhesabu minyiri. Wapwa zangu walikataa kubadilisha jina.

Yale mayai yalikuwa hai. Pweza jike anaweza kuweka mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu kabla ya kutaga, kwa hiyo dume alikuwa huko huko mwambani, na ukubwa ule wa kidole gumba ulikuwa tayari unakaribia utu uzima. Alikaa nayo wiki kadhaa. Akayasugua kwa ncha za minyiri, akayapulizia maji safi, hakula. Rangi ikamtoka. Ngozi ya macho ikalegea. Hiyo si maradhi, wala si maji machafu, ndivyo walivyoumbwa. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky alichapisha majaribio yake: aliwatoa pweza majike waliotaga tezi mbili zilizo karibu na macho, nao wakayaacha mayai, wakaanza kula tena, wakaishi. Kifo chao kimo ndani ya tezi, kinasubiri yai. Mnamkumbuka Paul, yule pweza wa Oberhausen Ujerumani, mtabiri wa Kombe la Dunia la 2010? Alikufa Oktoba mwaka ule ule, umri haujafika miaka mitatu, na akahesabiwa mzee. Wadogo kama Hamali wengi hawauoni mwaka wa pili.

Mayai yalipasuka usiku mmoja wa Juni. Asubuhi maji yote yalikuwa na vitoto kama majani ya chai, vinarukaruka. Kuvilea nyumbani siwezi, na sidhani kama kuna anayeweza humu. Vinataka chakula hai kidogo kuliko vyenyewe, na bahari. Nikapiga simu ofisi ya uvuvi, mara hii kabla. Kwa kuwa tangi langu halikuwahi kuingia mnyama wa dukani wala maji ya nchi nyingine, nikavichota ndoo tatu, nikavirudisha. Waliofuga samaki wa kigeni wasithubutu kufanya hivyo, wataivushia bahari maradhi.

Ukiniuliza leo kama nitafuga mwingine, jibu ni la. Tangi ninalo, maji nayajua, mfuniko haupenyi hata sisimizi. Ila bamvua ikija huvuka Likoni na ami, nikachuchumaa mwambani mbele ya tundu moja, nikamtazama mwenye nyumba saa nzima mpaka maji yakanifukuza. Ami huona nimerukwa na akili, maana yeye yuko kazini na mimi nakaa juu ya chakula.

Hamali alikufa siku mbili baada ya vitoto kuondoka. Najua swali lenu la kwanza litakuwa lipi, nimeshaliulizwa sokoni, msikitini, hata katika matatu, kwa hiyo nalijibu kabisa. La, hatukumpika. Mamangu alimviringisha kwa jani la mgomba, nami nikapanda tuktuk kwa yule yule dereva hadi Mama Ngina. Nilipokuwa nashuka mawe kuelekea majini, kijana mmoja auzaye mihogo akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni pweza.

Akasema, "Kilo pesa ngapi?"